Feza ya Yuda na Wale Wanaoiuza



Mwizi wa kuku huja usiku, lakini mwizi wa imani huja mchana, na rozari mkononi. Siku chache kabla ya masomo kuanza, mama mmoja mjane wa jumuiya yetu alitujia na kitambaa kilichofungwa fundo. Ndani mlikuwa kipande cha feza, cheusi kama kitu cha zamani sana, chenye chetezo upande mmoja na tawi la majani upande wa pili, na herufi za Kiebrania pembeni. Mchuuzi mpita njia alimwambia kwamba ni kimojawapo cha vile vipande makumi tatu alivyopokea Yuda Iskarioti. Akitie majini, kisha ampe mtoto wake mgonjwa maji hayo. Mama alilipa kwa feza ya shule ya mtoto huyo.

Tulikipeleka kwa mnunuzi wa zahabu, mtu mwenye mizani ya haki. Kilikuwa na gramu 9. Tukakisogeza karibu na sumaku iliyotolewa katika redio iliyovunjika, nacho kikairukia kama msumari. Feza halisi haivutwi na sumaku. Kesi ikaisha.

Lakini maneno hayakuisha. Wengine walituambia: «Mwalimu wa dini anapimaje vitu vitakatifu kama mfanya biashara? Mmemvunja moyo mama maskini.» Wengine wakasema: «Kitupeni chooni, ni kitu cha Shetani.» Sisi hatukubali haya wala yale, na leo tunayajibu.

Kwanza, jueni kwamba udanganyifu huu haukuanza kwetu. Katika Ujerumani uko mji uitwao Görlitz. Mfanya biashara mmoja wa huko, Georg Emmerich, alihiji Yeruzalemu mwaka 1465, na baadaye katika mji wake likajengwa Kaburi Takatifu mfano wa lile la Bwana Yezu. Kazi hiyo ilimalizika mwaka 1504. Watu wakaja kusali. Palipo na mahujaji pana pia wachuuzi, na tangu karne ya 16 wakauziwa vipande vilivyoitwa shekeli za Wayuda wa kale. Wakusanyaji wa sarafu wanaviita mpaka leo «shekeli za Görlitz», hata vile vilivyofanyizwa mahali pengine. Mwingereza George Francis Hill, mtaalamu wa British Museum, alitoa kitabu juu yake mwaka 1920.

Mtu atavitambuaje? Wayuda walifanyiza shekeli zao za feza walipowaasi Waroma, tangu mwaka 66 hata mwaka 70. Shekeli ya kweli ina kalisi, na juu yake herufi inayoonyesha mwaka wa uasi. Upande wa pili ina kitawi chenye makomamanga matatu. Herufi zake ni za Kiebrania cha kale sana. Uzito wake ni kama gramu 14, nayo iligongwa kwa nyundo. Shekeli ya Görlitz ina chetezo kinachotoa moshi mahali pa kalisi, na tawi la majani mengi mahali pa makomamanga. Herufi zake ni zile za pembe nne ambazo Wayuda wanaandika hata leo. Nyingi zilimiminwa katika kalibu, na kitu kilichomiminwa huonyesha vitundu vidogo vya hewa, na pengine mstari pembeni pale nusu mbili za kalibu zilipokutana. Ndiyo maana hatukuhitaji elimu kubwa. Macho, mizani na sumaku vinatosha kwa mwanzo.

Tena fikirini miaka. Bwana wetu alisulibiwa karibu na mwaka 30. Shekeli za uasi zilianza mwaka 66. Basi hata shekeli ya kweli kabisa ya uasi ule haikuweza kuwa mkononi mwa Yuda, kwa sababu ilikuwa haijazaliwa! Wataalamu wanafikiri kwamba vile vipande makumi tatu vilikuwa shekeli za mji wa Tiro, kwa maana feza hiyo safi ndiyo iliyotumika kulipa kodi ya Hekalu. Na juu yake kulikuwa na nini? Kichwa cha Melkarti, mungu wa watu wa Tiro, na ndege tai. Mchuuzi hapendi kuuza kipande cha namna hiyo. Mteja wake anataka Kiebrania na chetezo, anataka kitu kinachonukia ubani. Mdanganyifu hafanyizi kile kilichokuwako. Anafanyiza kile ambacho moyo wa mnunuzi unakitamani.

Hata sarafu halisi inaweza kupewa jina la uongo. Katika makanisa kadhaa ya Ulaya zilitunzwa sarafu za kale za kisiwa cha Rodo, zikisadikiwa kuwa feza ya Yuda. Zina kichwa cha mungu wa jua mwenye miali, na watu waliona katika miali ile taji ya miiba. Feza ilikuwa ya kweli, sarafu ilikuwa ya kweli, jina tu lilikuwa la uongo. Kwa hiyo anayepima asiulize tu: ni feza gani? Aulize pia: nani alisema hivyo, na alijuaje?

Sasa tuwajibu wale wanaosema kwamba kupima ni kukosa imani. Je, Mtakatifu Augustino alikosa imani? Yeye aliwakemea watawa waliotembea wakiuza viungo vya mashahidi, akatia shaka kama vilikuwa vya mashahidi kweli. Mtaguso wa nne wa Laterano, mwaka 1215, ulikataza masalio yasiwekwe sokoni. Mtaguso wa Trento, mwaka 1563, uliagiza kwamba masalio mapya yasipokelewe kabla Askofu hajayachunguza na kuyakubali. Na Sheria ya Kanoni ya mwaka 1983, katika namba 1190, inakataza kabisa kuuza masalio matakatifu. Eklezya Mama yetu amepima kabla yetu. Mtakatifu Paulo anawaagiza Watesalonike wajaribu yote na kushika yaliyo mema, na Mababa wa Eklezya waliwafundisha Wakristu wawe kama wabadili-feza hodari, wanaojua kutenga nzuri na mbaya. Aliyemvunja moyo yule mama ni mchuuzi. Sisi tulimwambia tu kwamba amevunjwa.

Tena, hata kama kipande kingekuwa cha kweli, kingeponya nini? Makuhani wakuu wenyewe walikataa kukitia katika hazina ya Hekalu, kwa sababu ni bei ya damu. Walichokikataa wale waliomhukumu Bwana, sisi tukinyweshe watoto wetu? Mtoto mgonjwa apelekwe kwa dakitari, na aombewe kwa jina la Yezu, si kwa jina la bei yake.

Nao wale wanaosema «kitupeni», tunawajibu hivi. Palikuwa na Mjerumani, Carl Wilhelm Becker, aliyezaliwa mwaka 1772 akafa mwaka 1830. Alichonga chapa za sarafu za Wagiriki na Waroma kwa ustadi mwingi, na inasimuliwa kwamba alizitia sarafu zake katika sanduku lenye vumbi la chuma chini ya gari lake la farasi, ili zichakae njiani zionekane za kale. Je, wenye akili walizitupa kazi zake? Hapana. Walizikusanya, wakazichora, wakazipa namba, na leo mtu akiletewa sarafu ya Becker anaweza kuilinganisha na ile iliyokwisha kujulikana. Uongo uliotupwa hurudi sokoni na jina jipya. Uongo uliotunzwa na kuandikwa jina lake huwa shahidi.

Na kipande cha mama yule hakikuwa hata shekeli ya Görlitz ya kweli: kilikuwa mwigo wa mwigo, chuma kilichopakwa rangi ya feza. Kama wakusanyaji wangezitupa mtoni zile za kwanza, sisi tungelinganisha na nini? Lakini anayekusanya vitu hivi ana sharti lake. Avitenge na vya kweli, aandike ni nini, na asimpe wala asimwuzie mtu bila kusema wazi. Asipofanya hivyo, yeye naye ni mchuuzi.

Kipande kile sasa kimo katika sanduku la darasa la wakatekumeni, na karatasi imebandikwa: «Cha uongo.» Jumuiya ilichanga feza ya shule, na mtoto yuko darasani.

Ndugu, ukiletewa kitu kitakatifu kwa bei, kipeleke kwa Padri kabla hujafungua mkoba. Nawe mchuuzi, ukisoma haya, kumbuka kwamba hata Yuda alirudisha feza yake. Wewe bado unayo.