Kete za Rutongo hazirudi ubaoni

BARAZANI BIRYOGO
Na Haruna Nsengiyumva

Mzee anayecheza igisoro hapa Biryogo, Kigali, hahitaji kufundishwa mkakati. Mbele yake kuna mashimo 32 na kete 64, na kabla mkono haujagusa ubao ameshaiona mizunguko ambayo wewe bado unaitafuta. Lakini igisoro, kama ndugu yake bao la Zanzibar, ina ukarimu wake: kete ikiliwa haipotei. Inasambazwa upande wa aliyeila, na baadaye yeye naye anaweza kuliwa. Mchezo ukiisha, zihesabu: ni zile zile 64.

Madini hayana ukarimu huo. Ndiyo maana nimevutiwa na mchezo mwingine wa ubao, Tinners' Trail, uliotungwa na Mwingereza Martin Wallace na kutoka mwaka 2008. Unahusu bati na shaba za Cornwall, kusini magharibi mwa Uingereza, katika karne ya 19. Wachezaji hushindana kwa mnada kupata migodi, kisha huchimba. Kila ukichimba maji huongezeka mgodini, na maji yakiongezeka, gharama ya kutoa kila kipande hupanda. Pampu zipo, ila zinakununulia muda tu. Bei ya sokoni huamuliwa na dadu, kwa hiyo unaweza kuchimba kwa akili zako zote halafu ukakuta bati halina thamani.

Kanuni iliyonikamata ni ya ushindi. Hashindi mwenye migodi mingi wala mwenye bati jingi. Alama hupatikana kwa kuzitoa fedha migodini na kuziwekeza nje ya Cornwall, na anayewahi hupata alama nyingi kuliko anayechelewa, hata wakiweka kiasi kile kile.

Sisi Wanyarwanda tulishaucheza mchezo huu bila kusoma kanuni. Somirwa, kampuni ya ubia kati ya serikali yetu na Wabelgiji, iliundwa mwaka 1973 ikakusanya migodi mikubwa ya nchi, ikiwamo Rutongo, ambako gasegereti, mawe yanayotoa bati, yamechimbwa tangu miaka ya 1930. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 likajengwa tanuru la kuyeyushia bati pale Karuruma, mlangoni mwa Kigali. Wazo la kuuza bati badala ya mawe lilikuwa zuri, na mpaka leo nalitetea. Tatizo ni kwamba fedha iliyotoka kwenye bati ilirudi kwenye bati, wakati bei ya dunia ilikuwa imeegemezwa juu na Baraza la Kimataifa la Bati, lililokuwa likinunua na kuhifadhi mzigo ili usishuke thamani. Oktoba 24, 1985, baraza hilo liliwaambia wafanyabiashara wa London kwamba limeishiwa fedha. Biashara ikasimamishwa, na baadaye bei ikaporomoka hadi karibu nusu. Somirwa ilifilisika mwaka ule ule wa 1985. Huko Cornwall, mgodi wa South Crofty ulijikongoja hadi 1998 ukafungwa nao.

Kuna mtu ubao wa Wallace haumwonyeshi: mchimbaji. Mwekezaji akihamisha fedha zake, mchimbaji anahamisha nini? Wa Cornwall walipanda meli, wakaenda kuchimba Australia, Mexico na Afrika Kusini. Wa kwetu hawakuwa na meli. Wengi walirudi kwenye mashimo yale yale kwa sururu na karai, wakauza kwa kilo kwa bei aliyoitaja mnunuzi.

Nitaambiwa bati halifi, kwamba kila simu na kila kompyuta ina lehemu ya bati ndani yake, na tanuru la Karuruma limewashwa tena. Kweli kabisa. Dunia itaendelea kutaka bati. Kinachokwisha ni mlima wa Rutongo, na mlima hausomi habari za soko. Dadu nazo hazijaacha kurushwa: mapema mwaka 2022 tani moja ya bati ilipita dola 40,000, na kabla mwaka haujaisha ilikuwa imeshuka chini ya 20,000. Ukipanga bajeti ya wilaya kwa bei ya Machi, Novemba utaomba msamaha.

Kwa hiyo hesabu ifanywe wakati bei ni nzuri. Botswana ilianzisha Mfuko wa Pula mwaka 1994, almasi zikiwa bado zinang'aa. Sisi tuna Mfuko wa Agaciro tangu 2012, ambao wananchi wenyewe waliuchangia kutoka mifukoni mwao. Ningependa sheria itaje bei, na bati likiipita bei hiyo, sehemu ya mrabaha iende Agaciro bila mjadala wa kila mwaka, na sehemu nyingine ibaki Rulindo, wilaya yenye mgodi wa Rutongo, kwa ajili ya kazi ambazo hazihitaji mtu kuingia chini ya ardhi: useremala, ufundi umeme, kilimo cha umwagiliaji. Kijana wa Masoro, huko huko Rulindo, naye awe na mahali pa kuwekeza nje ya mgodi.

Na kabla ya hayo yote, Bodi ya Madini, Petroli na Gesi itangaze kila mwaka, mgodi kwa mgodi, kiasi kilichouzwa na kiasi kinachokadiriwa kubaki, vikae ukurasa mmoja na viandikwe kwa Kinyarwanda. Sasa hivi aliyeko ndani ya shimo anajua bei ya jana tu, na anaijua kutoka kwa anayemnunulia.