Gitaa la Mwenda halihitaji spika tano

Bwana Mhariri,

Hapa kwangu Likasi nina ampli ya sinema ya nyumbani, yenye spika tano na moja ya besi. Jioni moja nilimwekea baba mkwe wimbo "Masanga" wa mpiga gitaa Mwenda Jean Bosco, uliorekodiwa na mtafiti wa muziki Hugh Tracey mwaka 1952 papa hapa mjini, enzi hizo pakiitwa Jadotville. Mzee alisikiliza kidogo, akageuka kutazama nyuma ya kiti.

"Mwanangu, mbona anapigia kisimani?"

Alisema kweli. Rekodi ile ni ya mono, sauti ya njia moja. Mashine ilikuwa imeitawanya chumba kizima na kuitia mwangwi wa ukumbi. Nikazima mambo hayo yote, nikabakiza spika za mbele. Hapo kidole gumba na cha shahada vikasikika, kila kimoja na kazi yake kwenye nyuzi, na mzee akanyamaza hadi mwisho.

Nawaomba wenye ampli hizi wajaribu hivyo. Na tafadhali, wanunue kwanza stabilaiza. Umeme ukirudi baada ya kukatika, volti huweza kuruka juu mno ya 220. Ampli yangu ya kwanza iliungua hivyo, nikanusa plastiki kabla sijaona moshi. Siku hizi huchomoa plagi, nikangoja dakika kumi ndipo niwashe.

Nawe Bwana Mhariri, tutengee ukurasa wa wanamuziki wa Jadotville. Vijana wetu wa mtaa wa Kikula wanaijua rumba ya Kinshasa kuliko gitaa la kwao.

Msomaji wako,
Likasi