Hesabu Zetu: Namba ya Kajiado na Ushahidi wa Tisa

Juma hili natwaa namba moja kubwa, wala sikuitoa mbali: 1,117,840. Ndiyo jumla ya watu wa Kaunti ya Kajiado kama walivyohesabiwa mwezi wa Agosti 2019, kuanzia wachungaji wa Namanga hadi wapangaji wa Kitengela. Namba hii si pambo. Idadi ya watu ni mojawapo ya vipimo vya kugawia kaunti fedha za serikali. Basi yafaa mwananchi ajue kuikagua mwenyewe kwa penseli tu.

Zijumlishe tarakimu zake: 1 na 1 na 1 na 7 na 8 na 4 na 0 ni 22, tena 2 na 2 ni 4. Hiyo 4 ndilo baki utakalopata ukiigawanya namba nzima kwa 9. Sababu yake ni nyepesi: 10 ikigawanywa kwa 9 hubaki 1, 100 hubaki 1, 1,000 hubaki 1, kwa hiyo elfu saba huacha 7. Wanahesabu wa Kihindi na wa Kiarabu waliijua kanuni hii tangu kale.

Sasa tuitie kazini. Wanaume walikuwa 557,098, baki lao 7. Wanawake 560,704, baki 4. Huntha, ambao sensa hiyo ndiyo ya kwanza nchini Kenya kuwahesabu peke yao, walikuwa 38, baki 2. Jumlisha 7, 4 na 2 upate 13, yaani 4: sawasawa na baki la jumla kuu.

Lakini shahidi huyu ana upofu wake. Tuseme karani ameandika 1,117,480. Tarakimu ni zile zile, ila 8 na 4 zimepishana. Baki ni 4 vile vile, na watu 360 wamepotea kimya kimya. Hapo mwulize 11. Anza na tarakimu ya kulia: ongeza, toa, ongeza, toa, hata mwisho. Jibu likiwa chini ya sifuri, ongeza 11. Likifika 11 au kuzidi, ondoa 11. Wanaume hutoa 3, wanawake 1, huntha 5, jumla 9. Namba ya kweli nayo hutoa 9. Ile ya karani hutoa 1. Kosa limeonekana.

Tena tazama: 360 ni 9 mara 40. Tarakimu mbili zikipishana, tofauti hugawanyika kwa 9 daima. Mimi mwenyewe nilikesha usiku mmoja juu ya daftari la mbuzi kwa kutolikumbuka jambo hili. Basi wewe mwuza mbuzi wa Kitengela, daftari likisema shilingi 8,540 na mkobani mna 8,450, igawanye kwanza ile 90 kwa 9, ukague tarakimu zako, ndipo umwite kijana aliyeshika fedha.