Mwanga Peke Yake Hautoshi

Ipo kauli inayopendwa na baadhi ya wapenzi wa sanaa, kwamba kitu kinachopigwa picha si chochote, mwanga ndio kila kitu. Kauli hiyo hunasibishwa na Léonard Misonne, mpiga picha wa Ubelgiji aliyezaliwa mwaka 1870 huko Gilly, karibu na Charleroi, na kufariki mwaka 1943. Kazi yake naiheshimu. Kauli yake naipinga, na napenda vijana wetu waitafune kabla ya kuimeza.

Kwanza tumpe mtu haki yake. Misonne alisomea uhandisi wa migodi katika Chuo Kikuu cha Louvain, lakini kazi hiyo hakuifanya. Maisha yake aliyatoa kwa kamera. Alikuwa miongoni mwa wasanii walioshikilia kwamba picha ya kamera yaweza kuwa sanaa sawa na mchoro wa mkono. Alipenda kulielekea jua badala ya kulipa mgongo. Mwanga utokapo nyuma ya miti, vivuli humjia mtazamaji. Na penye ukungu, mti wa karibu huwa mweusi, wa mbali hupauka, na wa mbali zaidi huyeyuka. Hivyo karatasi iliyo bapa ikapata kina, na barabara ya matope yenye mkokoteni mmoja ikapata utulivu wa swala.

Wako wanaodai kwamba kazi kama hiyo hufanywa na mashine. Hao hawajui wanenalo. Katika mbinu ya bromoili, iliyoanza mwaka 1907 na ambayo Misonne aliimudu sana, picha iliyokwisha kusafishwa huondolewa weusi wake kwa dawa, kisha ikaloweshwa. Palipokuwa peupe hunywa maji na kuukataa wino wa mafuta. Palipokuwa peusi huupokea. Msanii huugongagonga wino kwa brashi, kidogo kidogo, akizidisha hapa na kupunguza pale. Usione vyaelea, vimeundwa.

Sasa tuingie katika hoja yenyewe. Ikiwa kinachopigwa si chochote, mbona Misonne alichagua? Gilly ilikuwa katika nchi ya makaa ya mawe. Palikuwa na migodi, moshi, vilima vya taka, na wachimbaji waliotoka chini ya ardhi wakiwa weusi kwa vumbi. Mwanga uliwaangukia hao kama ulivyomwangukia mchunga kondoo. Hata hivyo, picha zilizomjengea Misonne jina ni za wachungaji, mikokoteni, miti, na njia zilizolowa mvua. Kuchagua ni haki ya msanii. Lakini achaguaye amekwisha kukiri kwamba kitu ni kitu.

Sisi washairi ugomvi huu tunaujua kwa jina jingine: fani na maudhui. Vina vikilingana na mizani ikitimia, shairi hupendeza sikioni. Bado msikilizaji ana haki ya kuuliza, umesema nini? Mwanga ni vina na mizani vya picha. Pasipo huo picha huchechemea, lakini huo peke yake hauna la kusema.

Tazameni picha nyingine ya zama zile zile, inayoihusu Ubelgiji na Afrika pamoja. Tangu mwaka 1885 Kongo ilikuwa milki binafsi ya mfalme Leopold II, na watu wake walilazimishwa kutafuta mpira msituni. Mwaka 1904, huko Baringa, mmisionari wa Kiingereza, Alice Seeley Harris, alimpiga picha mtu aitwaye Nsala. Ameketi barazani, akiutazama mkono na mguu wa binti yake mdogo, aliyeuawa na walinzi wa kampuni ya mpira. Picha hiyo ilitembezwa Uingereza na kuonyeshwa kwa taa mbele ya hadhara. Ilizidisha hasira dhidi ya mfalme, naye mwaka 1908 akalazimika kuikabidhi Kongo kwa serikali ya Ubelgiji. Ukoloni haukwisha siku ile, lakini uwongo mmoja mkubwa ulivuliwa nguo. Nani atathubutu kumwambia Nsala kwamba kilichopigwa si chochote?

Simtwiki Misonne dhambi za mfalme wake. Nasema tu kwamba mbinu ina gharama yake. Mtu apigwaye picha huku jua liko nyuma yake hugeuka kivuli. Umbo lake hubaki, uso wake hupotea. Kwa picha moja au mbili hilo ni pambo. Likiwa desturi, taifa zima laweza kukosa uso. Kalenda ngapi zimetuonyesha jahazi jeusi mbele ya jua linalozama, na baharia asiyejulikana ni nani wala anavua kwa shida gani?

Kwa hiyo, walimu, wafundisheni vijana ustadi wa Misonne: subira yake, jicho lake, mkono wake. Kisha wekeni picha yoyote mbele ya darasa na kuuliza mwanga umetoka wapi, na umemwangukia nani. Mwanafunzi atakayeuliza pia ni nani aliyeachwa gizani, huyo amekwisha kuelewa somo.