Majani ya Njano

Nina ugonjwa mmoja ambao wenzangu hapa ofisini wanaujua. Nawapenda kupita kiasi wale miti ya Ulaya na Marekani inayogeuka rangi kila Oktoba. Kompyuta yangu ina picha ya barabara moja ya Vermont, mimaple kulia na kushoto imewaka kama jiko la mkaa. Mchana ukipungua, mti unaacha kutengeneza klorofili, ile rangi ya kijani, na njano iliyokuwemo siku zote inajitokeza. Nyekundu hutengenezwa mwishoni mwishoni, jani likiwa linaaga.

Kwetu huku karibu na ikweta mchana ni kama saa kumi na mbili mwaka mzima, kwa hiyo miti haina kengele ya pamoja. Kila mmoja na ratiba yake. Hilo nilikuja kulielewa Moshi, Oktoba 2021, tulipokwenda kwao mume wangu, mwaka wa kwanza wa ndoa yetu.

Kusema ukweli hatukuwa vizuri. Miezi kadhaa nilikuwa naona pesa zinatoka kwenye akaunti yetu ya pamoja, kila mwisho wa mwezi, bila maelezo. Nyumba ndogo, nikajisemea. Sikumuuliza. Nilinuna tu, si mnatujua.

Mjini Moshi mijakaranda ilikuwa imechanua. Mti huu asili yake ni Amerika ya Kusini, hupukutisha majani wakati wa kiangazi kisha unavaa maua ya zambarau kabla majani mapya hayajajaa. Kule Shanty Town nilisimamisha gari nipige picha, maana barabara yenyewe ilikuwa ya zambarau. Mwenzangu hata hakushuka. "Hayo maua tumeyafagia sana shuleni," akasema. "Ukimaliza, upepo unapiga, unaanza upya." Mimi naona zulia, yeye anaona ufagio.

Tukapanda Kibosho. Nyumbani kwao ni kihamba hasa: migomba, kahawa chini yake, miti mirefu ya kivuli juu, na masale yamepandwa mstari kuonyesha mpaka. Mlangoni kuna mwembe uliokuwa umetoa majani machanga, mekundu ya mvinyo, yananing'inia kama yamechoka. Nikauliza kama unakauka. Mama mkwe alicheka. Majani ya mwembe huanza mekundu, yakikomaa ndiyo yanakuwa kijani. Yaani Vermont jani jekundu ni kikongwe, Kibosho ni mtoto mchanga!

Asubuhi yake nikazunguka shambani peke yangu, na huko nikaiona Vermont yangu. Mikahawa ilikuwa na majani yenye madoa ya njano, mengine yameiva njano kabisa, mengi yako chini. Nikachuma matawi kama matano, nikayapanga kwenye jagi mezani sebuleni. Nilijiona mkwe wa maana. Nilipopangusa mikono niliona vidole vimebaki na unga wa rangi ya chungwa, nikadhani ni vumbi.

Mume wangu alipoingia na kuona lile jagi alisimama tu. Halafu akasema taratibu, "Nani kaleta hii ndani?" Akalibeba, akatoka nalo.

Nikalia jikoni. Mama ndiye aliyenifuata, akakaa kwenye kigoda. "Mwanangu, ule si urembo. Ile ni kutu."

Kutu ya majani ni kuvu. Hukaa upande wa chini wa jani, ule unga wa chungwa ndio mbegu zake, na upepo na matone ya mvua huzisambaza. Jani likipukutika kabla ya wakati, mti unakosa cha kulishia matunda. Ugonjwa huu ulionekana Ceylon, Sri Lanka ya leo, mwaka 1869, na ukaimaliza kahawa ya kule mpaka wakulima wakahamia kwenye chai. Pale Kibosho ulikuwa unamaliza mikahawa iliyomsomesha mume wangu tangu darasa la kwanza hadi chuo.

Na zile pesa? Dawa ya kunyunyizia na vibarua wa kuinyunyizia. Alikuwa anamtumia mama yake, akiona aibu kuniambia mimi, mtoto wa Dar, kwamba shamba alilonisifia siku za uchumba linakufa.

Niliona aibu mara mbili. Kwa lile jagi, na kwa yule mwanamke niliyemuumba kichwani, ambaye nilishampa mpaka mtaa wa kuishi.

Jioni tulikaa barazani tukapiga hesabu, mara ya kwanza tukiwa watatu. Kutoka pale hadi Lyamungu, kwenye Taasisi ya Utafiti wa Kahawa, TaCRI, si mbali, na wao wana miche ya aina chotara inayostahimili kutu na chulebuni. Mama alikuwa anaijua siku nyingi. Kilichomshinda ni kung'oa mikahawa iliyopandwa na marehemu mume wake. Tukakubaliana kuanza na mistari miwili, ya chini kabisa, asiyoiona akiwa mlangoni.

Nilibaki na deni moja. Nilikuwa nimesikia kwamba Mchagga akiomba radhi hutoa jani la isale, na ukipewa huwezi kukataa. Alfajiri nikaenda mpakani, nikakata moja la kijani kibichi, refu, nikampelekea kitandani bila kusema neno.

Alilishika muda mrefu. Kisha akachungulia dirishani kule nilikotoka, na kwa mara ya kwanza safari ile akacheka.

"Nimesamehe," akasema. "Sasa nenda kwa jirani, maana hilo umelikata upande wake."