Ndugu Zako Hawajakufilisi

Kuna fundisho linaloenea kwa kasi kwenye semina za ujasiriamali, kwenye video fupi za simu na kwenye mazungumzo ya ofisini wakati wa chai: kwamba kijana hatajenga wala hatakuwa na akiba mpaka ajifunze kuwakatalia ndugu. Shangazi anayeomba hela ya dawa, mpwa anayedaiwa sare ya shule, binamu aliyekwama stendi bila nauli, wote wanatiwa kapu moja na kuitwa kupe. Wasikilizaji wanapiga makofi, na wapo wanaotoka ukumbini wakiwa wameshaamua kubadilisha laini.

Mimi nasema fundisho hili ni la uongo. Ni uongo wa kihesabu kabla hata hatujafika kwenye utu, na linawamaliza kifedha watu wale wale linaodai kuwakomboa.

Tuanze na hesabu basi. Mwaka 2016 wachumi Pamela Jakiela na Owen Ozier walichapisha matokeo ya jaribio walilolifanya katika vijiji vya magharibi mwa Kenya. Washiriki walipewa fedha kidogo, wakaachiwa waamue wenyewe wawekeze kiasi gani. Baadhi walijua kwamba wanakijiji wenzao wataona walichopata, wengine waliweza kukificha. Ikaonekana kwamba wanawake walikuwa radhi kupoteza sehemu ya faida ilmradi kiasi walichopewa kisijulikane, na hali hiyo ilizidi pale ndugu zao walipokuwapo. Kama ningekuwa upande wa wanaohubiri kukata ndugu, huu ndio ushahidi ambao ningeushika kwa mikono miwili, kwa sababu ni wa kweli na unauma. Mtu anakubali apate kidogo, ili mradi tu asiombwe.

Lakini utafiti huo huo ulikadiria pia ukubwa wa makato ya ndugu na majirani. Wanawake hao walitarajia kukatwa zaidi kidogo ya asilimia 4 ya kipato kinachoonekana, na karibu mara mbili ya hapo pale ndugu wanapokishuhudia kwa macho yao. Tuseme asilimia 8. Sasa iweke hiyo pembeni ya riba. Benki Kuu ya Tanzania imeweka kikomo cha asilimia 3.5 kwa mwezi kwa wakopeshaji wadogo wasiopokea amana. Mkopo wa aina hiyo, ukikaa nao mwaka mzima bila kupunguza deni, unakula asilimia 42, na hapo tunazungumzia mkopeshaji anayefuata sheria. Wale wa mikopo ya mitaani ya kausha damu hawana habari na kikomo chochote. Mtu anayekimbia asilimia 8 ya shangazi huku amekumbatia asilimia 42 ya mkopeshaji anahitaji mtu wa kumketisha chini na kalamu.

Najua takwimu za kijijini si za mjini. Mwenye mshahara Dar es Salaam anaombwa zaidi kuliko muuza mboga wa kijijini, na kifungua mimba aliyesoma peke yake kwenye familia anaombwa zaidi kuliko wote. Ndiyo maana nashauri kila anayelia na ndugu achukue taarifa ya miamala ya simu yake ya miezi mitatu iliyopita aipange mwenyewe. Niliifanya kazi hiyo na mwenzangu mmoja, dada anayefundisha sekondari, aliyekuwa ameapa kwamba wadogo zake ndio wanaomzuia kununua kiwanja. Tulipiga mistari kwa kalamu nyekundu kwenye kila muamala uliokwenda kwa ndugu. Ilikuwa michache, na mingi ilikuwa ya elfu tano, elfu kumi, na mmoja mkubwa wa hospitali. Kisha tukapiga mistari ya bluu kwenye michango ya harusi na sendofu za watu ambao hakuwa na undugu nao, mikopo ya simu na riba zake, na makato ya kutoa hela kidogo kidogo kwa wakala kila siku badala ya mara moja. Ukurasa ukageuka bluu. Alikaa kimya akiuangalia, halafu akaanza kutafuta jina la mtu ambaye alikuwa amemchangia laki moja na hakumkumbuka ni nani.

Hapo ndipo penye kiini cha ugomvi wangu na wahubiri hawa. Wamemnyooshea kidole mtu asiyehusika. Mchango wa kamati ya harusi unakuja na kadi nzuri, tarehe ya mwisho na mtu wa kukukumbusha kila wiki, kwa hiyo tunautoa. Ombi la mdogo wako linakuja bila kadi, usiku, kwa ujumbe unaoanza na "shikamoo kaka, habari za siku nyingi", kwa hiyo tunaliona ni usumbufu. Mkeka wa kubashiri mechi za Jumamosi hauombi kabisa, unachukua. Ajabu ni kwamba katika hao watatu, ndugu ndiye pekee mwenye sababu ya kukurudishia.

Na amekwisha kukurudishia kabla hujampa, ukitaka kujua ukweli. Kabla ya Januari 2016 ada ya sekondari za serikali ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwaka kwa shule ya kutwa na 70,000 kwa ya bweni, achilia mbali michango ya madawati, mlinzi, mitihani, godoro na ndoo. Kwa familia ya mkulima hiyo ilikuwa fedha ya kuuza mbuzi. Wengi wanaokaa leo kwenye kumbi za semina wakifundishwa kuwaita ndugu zao kupe walisoma katika miaka hiyo, na mtu fulani aliuza mbuzi. Mara nyingi hakuwa baba. Alikuwa mjomba, au dada mkubwa aliyeishia darasa la saba ili fungu la ada litoshe mmoja. Semina inaanza kuhesabu siku ya mshahara wa kwanza, kana kwamba mtu huyo aliota kama uyoga akiwa na cheti mkononi.

Tena kuna hesabu ya mbele, ambayo ni nzito kuliko ya nyuma. William Jack na Tavneet Suri walifuatilia kaya za Kenya baada ya M-Pesa kuingia mwaka 2007, na matokeo yao yalichapishwa mwaka 2014. Kaya zisizotumia huduma hiyo zilipopatwa na pigo, kama ugonjwa au kupoteza kipato, matumizi yao yalishuka kwa asilimia 7. Kaya zilizotumia hazikushuka. Sababu waliyoikuta ni rahisi kuieleza: wenye huduma walitumiwa zaidi, na walitumiwa na watu wengi zaidi. Fedha hizo zilitoka kwa ndugu na marafiki walioko mbali, elfu kwa elfu, mpaka nyumba ikasimama. Kwa maneno mengine, wale unaowafungia laini ndio wanaozuia familia yako isishuke siku ukiugua. Tanzania ilitunga sheria ya bima ya afya kwa wote mwaka 2023, na ninaiombea ifanikiwe. Lakini leo, mtu wa kawaida akilazwa, kinachomtoa wodini ni kikundi cha ukoo cha WhatsApp.

Wakopeshaji wa mtandaoni wanalijua hili vizuri. Ukisakinisha programu zao zinaomba ruhusa ya kusoma majina yote kwenye simu yako, na ukichelewa kulipa wanampigia mama, shemeji na mwenyekiti wa jumuiya kuwaambia wewe ni tapeli. Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa hadharani orodha ya programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha bila leseni, baada ya kilio cha wananchi. Tazama biashara yao ilivyosimama: dhamana wanayoishika si nyumba wala gari, ni ndugu zako na aibu yako mbele yao. Mtu asiyekujua kabisa amegundua kwamba hao ndio mali yako ya kwanza, na wewe uliyekua nao unaambiwa uwatupe.

Wapo ndugu wanyonyaji. Wapo wajomba wanaokunywa ada, na kaka wazima wenye nguvu wanaosubiri mdogo wao wa kike alipwe mwisho wa mwezi. Sitetei hao. Ninachopinga ni kuwafanya hao kuwa kipimo cha ukoo mzima, halafu kuuita ukatili huo nidhamu ya fedha.

Nidhamu yenyewe ni kitu kingine, na wanawake wa vikoba wanaifanya kila wiki bila semina. Ingia kwenye kikao chao utaona sanduku la chuma lenye kufuli tatu, na funguo ziko kwa watu watatu tofauti, kwa hiyo hakuna anayelifungua peke yake. Majina yanasomwa. Kila mmoja ananunua hisa kwa uwezo wake, hela inahesabiwa mbele ya macho ya wote na kugongwa muhuri kwenye daftari. Pia, kabla ya mikopo, wanachangia mfuko wa jamii, kila mtu kiasi kile kile, na huo hauna faida wala mgawo. Ni wa mwenzao atakayefiwa au kuuguliwa. Mtindo huu wa vikundi ulipata sura yake ya sasa nchini Niger mwaka 1991 kupitia shirika la CARE, ukasambaa nchi nyingi za Afrika. Mfuko wa jamii una maana yake: bila huo, kikundi kiko hatarini. Mtu akifiwa bila msaada anachomoa hisa zake zote na kikundi kinapasuka. Kwa akina mama hawa, kutoa ndiko kunakolinda akiba, na vyote viwili vinalala kwenye sanduku moja.

Tofauti kati yao na sisi wenye mishahara ni kwamba wao kutoa kwao kuna kiwango. Bodi ya mikopo ya elimu ya juu inakata asilimia 15 ya mshahara wa mtumishi anayedaiwa, tena kila mwezi. Tunalalamika, lakini tunapanga maisha juu ya kilichobaki, kwa sababu tunajua ni kiasi gani na lini. Zaka ni asilimia 2.5 ya mali iliyotimiza mwaka na kufikia kiwango. Kanisani fungu la kumi linajulikana kabla mshahara haujaingia. Ndugu tu ndio tuliowaacha bila mstari kwenye bajeti, halafu tukashangaa kwamba wanatuvuruga.

Kwa hiyo weka mstari. Mwenye kubaki na laki sita mkononi akate, kwa mfano, elfu sitini za akiba na elfu arobaini za ndugu siku ile ile mshahara unapoingia, kila moja mahali pake, na hii ya pili aihesabu kuwa imeshatumika. Pascaline Dupas na Jonathan Robinson, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2013, waliwapa watu wa magharibi mwa Kenya sanduku tu la bati lenye kufuli, la kuwekea hela ya mahitaji ya afya. Matumizi yao kwenye kinga za afya yalipanda kwa asilimia 66 na zaidi, na ufunguo walikuwa nao wenyewe. Hela iliyokwisha kupangiwa kazi inaweza kutetewa hata mbele ya mtu unayempenda.

Hapa naomba tuache ile tabia ya kusema "sina". Tunaisema tukiwa nacho na tunaisema tukiwa hatuna, mpaka ndugu wamejifunza kutoiamini, na ndiyo maana wanapiga mara ya tatu na ya nne. Sema ukweli: "Nina elfu arobaini ya familia kila mwezi. Ya mwezi huu nimempa shangazi ya kliniki. Wewe nimekuandika mwezi ujao." Atanuna mara ya kwanza. Mara ya pili atauliza mapema, na mara ya tatu ataanza kuulizana na wenzake nani ana shida kubwa zaidi. Kinachomfanya ndugu aombe bila mpaka ni kutokujua mpaka uko wapi.

Na usibebe peke yako. Mwite kaka, mwite dada aliyeolewa Mwanza, mwite na yule binamu wa Muscat anayetuma hela kimyakimya bila mtu kumshukuru. Mkae hata kwa simu, mwandike gharama zinazojulikana za mwaka: dawa za presha za bibi, mbolea ya shamba la wazazi, sare na madaftari ya Januari. Hakuna hata moja kati ya hizo iliyo dharura. Januari inakuja kila mwaka. Watu wazima sita wa ukoo wakichanga elfu kumi kila mmoja kuanzia Julai, Desemba wana shilingi 360,000 mezani, na watoto wa marehemu kaka yao wanaingia shule na viatu miguuni bila mtu yeyote kukopa.