Siku Mbili katika Mji wa Fedha

Mama mmoja msomaji wetu, ambaye mwanawe anasoma Vienna, ametuarifu kwamba atakwenda kumzuru, na kijana ameahidi kumpeleka siku mbili nchi jirani ya Slovakia, katika mji wa kale uitwao Banská Štiavnica. Auliza mambo mawili: magoti yake yataweza vilima? Na yeye asiyekula nguruwe atakula nini?

Tuanze na magoti, maana ndiyo yatakayopanga safari. Stesheni ya gari moshi iko chini na mji uko juu, na mitaa yake ni ya mawe. Mwana asione haya kulipia teksi, tena atafute chumba karibu na Uwanja wa Utatu Mtakatifu. Viza ya Schengen aliyopewa mama kwa ajili ya Austria yafaa Slovakia pia, na euro hutumika kote kuwili.

Mji huu ulitajirika kwa fedha na dhahabu. Mwaka 1627 baruti ilitumika humo kupasulia miamba chini ya ardhi, jambo lililokuwa geni katika machimbo ya Ulaya, na katika karne ya 18 kikaanzishwa chuo cha elimu ya madini. Maji ya kuendeshea mitambo yalikusanywa katika mabwawa yaliyochimbwa milimani. Leo watu huogelea humo wakati wa joto. Mwaka 1993 UNESCO iliuweka mji katika urithi wa dunia. Machi 2023 moto uliunguza baadhi ya nyumba za kale za katikati, kwa hiyo mama asishangae akikuta mafundi kazini.

Siku ya kwanza yatosha uwanja na Ngome Kongwe, ambayo zamani ilikuwa kanisa, ikageuzwa boma kwa kuwahofia Waturuki. Siku ya pili ni ya mgodi wa makumbusho. Wageni hupewa kofia ngumu, koti na taa, wakateremka na kiongozi. Chini ni baridi hata mwezi wa Julai, na kuna mahali pa kuinama. Kilima cha Kalvaria, chenye makanisa yaliyojengwa kati ya 1744 na 1751, mama akitazame kwa mbali. Kijana apande peke yake, amletee picha.

Sasa chakula. Kinachosifiwa zaidi ni bryndzové halušky. Viazi vibichi hukunwa, vikachanganywa na unga na chumvi, kisha rojo hilo hupenyezwa katika tundu za chombo liangukie maji yanayochemka. Vidonge vikielea vimeiva. Huchujwa, vikakorogwa na bryndza, jibini laini ya kondoo yenye uchachu. Ladha yake ni kali, nasi twakiri kwamba si kila ulimi wa kwetu utaipenda mara ya kwanza. Taabu ni kwamba juu yake humwagwa vipande vya mafuta ya nguruwe vilivyokaangwa. Supu ya kabichi, kapustnica, nayo mara nyingi huwa na soseji ndani, hata isipoonekana.

Mwana aandike katika karatasi: bez slaniny, bez bravčového mäsa, yaani bila mafuta wala nyama ya nguruwe, ampe mpishi kabla sufuria haijatiwa motoni. Akirudi nyumbani, mama aweza kujaribu chakula hicho kwa vitunguu vilivyokaangwa katika siagi, na jibini yoyote laini yenye chumvi.